Kutoka baridi ya Nambis hadi Tanga: safari yetu ya kwanza ya bahari na watoto

"Mama, bahari ni kubwa kuliko Ziwa Tlawi?"

Mtoto wetu wa kati aliuliza hivyo jioni moja tukiwa tumezunguka jiko, shuleni wakiwa wamesoma habari za Bahari ya Hindi. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nina miaka 38 na sikuwa nimewahi kuiona bahari. Baba yake aliwahi kuiona mara moja Dar es Salaam, kwa dirisha la daladala, akiwa anawahi shughuli za watu.

Hapo ndipo safari ilipoanza, ingawa ilituchukua mwaka mmoja na nusu mpaka kupanda basi. Kila tulipouza vitunguu saumu, kiasi kidogo kiliingia kwenye kopo la maziwa lililokuwa juu ya kabati. Ada ya shule iliibia kopo lile mara mbili. Mara ya tatu tukasema sasa hapana.

Naandika haya kwa ajili ya wazazi wa huku kwetu juu, Nambis, Mbulu, Hanang, Karatu na hata Lushoto, wanaofikiria kuwapeleka watoto pwani kwa mara ya kwanza. Watu wengi watakwambia vitu vya kwenda kutazama. Mimi nataka zaidi kusema kuhusu miili ya watoto wetu, maana hapo ndipo nilipokosea.

Bibi yao alinionya. Baba yake mzazi alikwenda Tanga kukata mkonge enzi za Mwingereza, akarudi baada ya miaka amekonda, na homa iliyomrudia kila mara hadi uzee wake. Kwa mama mkwe, Tanga maana yake ni homa. Aliposikia mpango wetu alisema, "Mwanangu, watoto wa baridi mnawapeleka kwenye mbu?" Nikamjibu, "Mama, siku hizi kuna dawa." Akanitazama tu.

Kwa nini Tanga na si Dar

Wengi wetu tukisema pwani tunawaza Dar es Salaam, kwa sababu kila ukoo una mtu kule. Na njia siku hizi ni nzuri: kutoka Babati lami inakwenda hadi Dodoma kupitia Kondoa, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR inatoka Dodoma hadi Dar. Kama una ndugu wa kukupokea na nyumba yenye nafasi, njia hiyo ni nyepesi.

Lakini kwa mzazi anayekwenda mara ya kwanza, mwenye watoto watatu na pesa ya kwenye kopo, mimi nachagua Tanga bila kusita. Ni jiji, tangu mwaka 2005, lakini ni jiji la kutembea kwa miguu. Barabara za katikati zimenyooka, baiskeli ni nyingi, na kutoka sokoni hadi baharini hupotezi nusu siku kwenye foleni. Mtoto akichoka mnarudi kulala, kisha mnatoka tena jioni. Dar, mtoto akichoka mkiwa Kariakoo, huo ni msiba mdogo.

Kuhusu wakati: usiende Machi hadi Mei, mvua za masika huharibu kila kitu. Desemba shule zimefungwa lakini pwani joto limepanda, na mtoto aliyezoea sweta atateseka. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Juni. Ni majira ya kusi, kuna upepo, na mchana joto huwa kwenye nyuzi 28 au 29. Wenyeji walikuwa wakisema kuna baridi. Muuza chai alivaa koti! Watoto wangu walikuwa wamevua hadi fulana.

Barabarani

Kutoka kwetu hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 600. Usidanganyike ukajaribu kuzimaliza kwa siku moja na watoto. Tulitoka alfajiri, tukapita Karatu, tukashuka ukingo wa bonde la ufa hadi Mto wa Mbu, tukalala Arusha. Kesho yake tukapanda basi la Tanga: Moshi, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023, na najua yanaokoa fedha ya gesti, ila mimi na watoto usiku siendi. Mtoto akitapika gizani huna pa kushika.

Na watatapika. Sisi watu wa milimani tumezoea kona, lakini si saa nane za basi lililofungwa vioo. Beba mifuko ya kutosha, kitambaa chenye maji na nguo moja ya akiba kwa kila mtoto, na uviweke karibu nawe, si kwenye buti la basi. Asubuhi wape kitu kikavu, mkate au kiazi kilichochemshwa. Maziwa waache. Najua kwa Mwiraqw kusema maziwa waache ni tusi, lakini nimefua nguo hizo mwenyewe.

Raha ya barabara hiyo ni kuona nchi inavyobadilika. Ukishapita Same milima ya Upare inakuwa kushoto kwako saa nzima na zaidi, upande wa pili ni tambarare kavu. Kisha Usambara. Halafu mkonge, mistari na mistari hadi macho yanachoka. Baba watoto aliwaeleza kwamba mmea ule si wa kwetu: Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote ya mkonge ya mkoa ule yalianzia hapo. Mkubwa wetu akauliza, "Ndiyo alikokata babu wa baba?" Tukamwambia labda ni hapa hapa. Akatazama dirishani kimya mpaka Muheza, ambako wauza machungwa walituvamia.

Stendi ya Tanga iko Kange, nje kidogo ya mji. Fika mchana, uone unakokwenda. Bajaji moja ilitubeba wote watano na mabegi.

Chumba

Kabla ya kulipia nyumba ya wageni, ingia chumbani. Usione haya. Washa feni uone kama inazunguka. Fungua bomba. Kisha shusha neti, yote, mpaka chini, uitazame dhidi ya mwanga. Ya kwetu ilikuwa imefungwa fundo zuri juu ya kitanda kama bibi harusi. Nilipoishusha ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Mama mwenye nyumba aliomba radhi, akaleta sindano na uzi, tukashona pamoja huku tukipiga soga. Tulikuwa pia tumebeba neti moja ya nyumbani kwa ajili ya watoto, tuliyopewa kliniki miaka ile na haikuwa na kazi kubwa Nambis.

Huyo mama ndiye aliyetufundisha adabu ya mji. Siku ya kwanza nilimwambia muuza vitafunio nje ya geti, "Nipe chapati tano." Hakukasirika, ila alitabasamu na kusema, "Hujambo kwanza, mama?" Kiswahili chetu cha juu kina haraka, tumekijifunza shuleni na mnadani. Kule salamu haikatizwi: utaulizwa habari za asubuhi, za safari, za watoto, na wewe uliza zake. Watoto wakitoa shikamoo kwa kila mkubwa wanapendwa mtaa mzima. Na kwa kuwa wenyeji wengi ni Waislamu, beba kanga za kutosha. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni.

Kwenye joto, siku mbili za kwanza tulikosea. Tulitembea saa sita mchana kama tuko Mbulu, ambako mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na jua huwaka bila kuchoma jasho. Kitindamimba akatoka harara shingoni na mgongoni. Dawa yake ilikuwa kuoga maji ya kawaida mara tatu kwa siku, nguo nyepesi za pamba, na kukaa ndani kuanzia saa tano hadi saa tisa. Maji ya kunywa wape kabla hawajaomba, maana mtoto wa baridi hajui kwamba ana kiu. Yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Beba na pakiti chache za chumvichumvi ya kuharisha, ORS, kutoka nyumbani.

Maji yanayoondoka

Sasa bahari yenyewe.

Tulifika Raskazone jioni ya kwanza. Watoto walisimama. Wa kati, yule wa Ziwa Tlawi, alishika mkono wangu na kuuliza ng'ambo iko wapi. Nikasema mbele ya pale ni Pemba, lakini haionekani. Akaonja maji, akatema, akaonja tena kuhakikisha.

Kesho yake asubuhi tukaenda upande wa Sahare, kwa wavuvi, tukakuta bahari haipo. Mchanga na tope hadi mbali, ngalawa zimelala ubavu, wanawake wameinama wakichokoa kombe. Watoto wakavua viatu wakakimbia. Mkubwa, wa miaka 13, alikwenda mbali akawa kama kidole. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kivuli nafurahi. Nchi kavu, kuna hatari gani?

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaniuliza, "Mwanangu, wale wako?"

"Ndiyo, shikamoo mzee."

"Marahaba. Waite. Maji yameshageuka, na yakija hayapigi hodi."

Nilitazama, sikuona kitu. Lakini niliita. Mkubwa alikuwa anarudi taratibu akiokota magamba, na mzee akasimama akapiga mbinja kali. Alipokaribia ndipo nikaona: maji hayakuja mbele kama wimbi, yalikuwa yameingia kwanza kwenye vijito nyuma yake, pale alipopita pakavu muda mfupi nyuma. Alivuka kwa maji ya magotini. Viatu vya mdogo wake, walivyoviacha juu ya jiwe, hatukuvipata.

Mzee alinieleza nilichotakiwa kukijua kabla ya kutoka nyumbani. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, karibu saa sita kila upande, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo saa uliyocheza leo si saa ya kuchezea keshokutwa. Mwezi mpya na mwezi mpevu ndipo kuna bamvua, maji hutoka mbali sana na kurudi kwa nguvu. Katikati yake kuna maji mafu, bahari inatulia. Kama watoto hawajui kuogelea, na wetu hawajui, wapangie siku za maji mafu. Uliza mvuvi kila asubuhi, "Maji yanapwa saa ngapi leo?" Jibu ni bure.

Tuliweka sheria baada ya hapo: maji yasipite magoti, mtu mzima mmoja awe amesimama, si amekaa, na simu yake iwe mfukoni. Kandambili ndani ya maji ni lazima, kwa sababu ya mawe makali na wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Konyeza pia wapo. Mkiona kitu kama plastiki laini kinaelea, msiguse.

Mambo mengine nitayataja haraka. Mapango ya Amboni, kaskazini kidogo ya mji kwa barabara ya Horohoro, yanafaa watoto wanaopenda giza na popo. Wa mwisho alilia mlangoni, akabaki nje na baba yake. Makumbusho ya Urithi ni madogo na yanatosha. Machui, kusini mwa mji, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, na mkubwa wetu alifurahi kujua kwamba mtu wa kwenye vitabu vya shule alikuwa na kijiji kama sisi. Chakula: samaki wa nazi, mikate ya kumimina, mihogo ya nazi. Samaki mchambulie mtoto mwenyewe, hawajazoea miiba. Pweza walikataa kabisa kumtazama.

Usiku mmoja tu

Usiku wa mwisho upepo ulikatika. Ndani ya neti kulikuwa kama ndani ya chungu. Kitindamimba alilia, akaipiga mateke, akatoka. Saa saba usiku nilichoka. Nikamtandikia kanga sakafuni mbele ya feni, nikajiambia feni inafukuza mbu, na kesho tunaondoka. Mbu wa malaria huuma zaidi saa hizo hizo za usiku wa manane. Nilijua. Nilikuwa na usingizi.

Tulirudi salama, tukawagawia majirani machungwa na dagaa. Siku ya kumi na moja nyumbani, mtoto akakataa uji. Mwili ulikuwa wa moto. Ilikuwa Julai, ukungu umefunga, nusu ya watoto wa mtaa wana mafua. Nikampa dawa ya kushusha homa, nikamfunika blanketi. Usiku homa ikashuka, asubuhi akacheza kidogo, nikashukuru. Jioni ikarudi na kutetemeka.

Bibi yake ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. Alisema, "Huyu ametoka Tanga," kama mtu anayetaja jina la mgonjwa.

Tulikwenda zahanati usiku huo kwa pikipiki. Mhudumu alianza kuuliza habari za kikohozi, na hilo si kosa lake: huku kwetu malaria ni nadra, baridi haiachi kimelea kikue vizuri ndani ya mbu. Nikamwambia mapema, "Tumetoka pwani wiki mbili hazijafika." Akaacha kuandika, akachukua kipimo cha haraka cha kidole. Baada ya kama dakika 20 mistari ilikuwa miwili.

Alituambia tumewahi. Mtoto alipewa dawa ya mseto, asubuhi na jioni kwa siku tatu, baada ya kula, na nikaambiwa akitapika dawa, akishindwa kunywa au akipata degedege nisisubiri kupambazuka, twende hospitali. Siku ya pili usiku alikuwa dhaifu mno, nilimshika kifuani nikihesabu pumzi zake. Siku ya tatu aliomba maziwa.

Ndiyo maana naandika. Mtoto aliyekulia pwani au kanda ya ziwa ameumwa na mbu mara nyingi, mwili wake umejifunza kidogo kupambana, ingawa naye anaweza kuugua sana. Wetu hawajajifunza. Kabla ya kusafiri, pitia kituo chako cha afya, uulize juu ya kinga hasa kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitano au mama mjamzito. Ukirudi, andika tarehe kwenye kalenda. Malaria kwa kawaida hujitokeza kuanzia kama siku ya saba hadi mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine hukawia zaidi. Homa yoyote katika muda huo usiiite mafua mpaka kipimo kiseme. Na ufikapo kituoni, neno la kwanza liwe mlikotoka.

Fedha nayo: tulipopanga tulihesabu nauli, chumba na chakula. Hatukuhesabu pikipiki ya usiku wala siku nne ambazo sikwenda shambani. Acha kitu kwenye kopo cha mwezi wa kurudi.

Tutakwenda tena. Baba watoto anataka Pangani, watoto wanataka kumuona mzee wa nyavu, na mimi nimeshanunua neti pana zaidi yenye kuingiza upepo. Bibi yao hataki kusikia habari hizo. Ila Jumapili iliyopita nilimsikia akimuuliza mjukuu wake wa kati kama ni kweli yale maji huondoka, na yakiondoka yanakwenda wapi. Mtoto akaanza kumweleza habari za mwezi. Sikuyasikia yote, nilikuwa nasonga ugali.